Tungule za Darini

Tungule nyingi zinazoliwa Amu, yaani Lamu, ni wageni. Hupakiwa kwenye lori Mpeketoni, Hindi au Hongwe, hushushwa Mokowe, huvuka kwa mashua hadi jetini, kisha punda huzibeba mpaka soko lililo kando ya ngome. Za bara, zile za Loitoktok na Mwea, huwa zimelala njiani kabla hazijaiona bahari. Ndiyo sababu nyanya ya sokoni kwetu ni ile ile kila siku: umbo la yai, ngozi ngumu, nyama nene, maji haba. Aliyeichagua hakuwa akifikiria mtuzi wa samaki wala kachumbari. Alifikiria kreti na barabara mbovu.

Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara ya Garsen, na malori ya bara yakakwama upande wa pili. Zile chache zilizofika kutoka Mpeketoni zikauzwa moja moja, kwa kuhesabiwa. Hapo ndipo majirani waliokuwa wakiziona ndoo zangu ni wazimu wa mstaafu walipoanza kupanda ngazi kuja kuzitazama. Nyumba zetu za mawe hapa Mkomani hazina shamba. Kuna kiwanda, yaani kiwanja kidogo cha chini kisichopata jua, na dari ya juu inayolipata kupita kiasi. Ninapanda huko juu, kwenye ndoo za rangi zilizokwisha kazi, nyuma ya ukuta unaofika kiunoni.

Swali la kwanza huwa moja: "Mwalimu, mbegu umeagiza wapi?" Nikijibu kwamba nimezikamua kwenye tungule ya mtuzi, hunitazama kwa shaka. Wamesikia kwamba mbegu za siku hizi "zimefungwa", kwamba tunda la kununua halizai. Baadhi yao niliwasomesha sayansi mimi mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kuwasahihisha. Zinamea. Tungule moja ya kawaida yaweza kuwa na mbegu mia na zaidi, na zikitolewa vizuri nyingi huchipua ndani ya wiki moja au siku kumi. Hata za tungule iliyokaa friji humea. Zisizomea ni za kopo, maana zimepikwa. Na ukiikata tungule iliyoiva kupindukia, mara nyingine utazikuta mbegu zimekwisha kuchipua humo humo ndani.

La kubishania ni jingine: mtoto atafanana na nani?

Ua la tungule lina tabia ya kujitosheleza. Vile vijisehemu vya manjano vinavyotoa chavua vimeungana vikawa kama mfuko mwembamba uliomzunguka mke katikati, kwa hiyo chavua ikidondoka humwangukia wa nyumbani. Ni nadra kwa tungule kuchanganyika na ya jirani. Basi ikiwa iliyouzwa sokoni ni Rio Grande au Cal J, ambazo ni mbegu za kawaida zilizotulia kizazi baada ya kizazi, ukipanda mbegu yake utavuna Rio Grande au Cal J. Watoto watamfuata mama.

Lakini wakulima wengi wa Kenya siku hizi hununua chotara, zile ambazo pakiti yake ina alama ya F1: Kilele, Anna, Rambo na nyinginezo. Chotara hupatikana kwa kuchukua aina mbili zilizotulia, kuling'oa ua la moja chavua zake kwa mkono kabla hazijakomaa, na kulipaka chavua za aina ya pili. Watoto wa ndoa hiyo hufanana wote, na huwa na nguvu. Wajukuu ndio hutawanyika. Padri Gregor Mendel alilionyesha jambo hili kwa njegere kwenye bustani ya monasteri mjini Brno, akalichapisha mwaka 1866: sifa zilizojificha katika kizazi cha kwanza hujitokeza tena katika cha pili, kila mmoja na bahati yake. Mbegu iliyo ndani ya tungule chotara ni huyo mjukuu.

Nimewaona wajukuu hao darini kwangu. Kutoka tunda moja nilipata mche uliofupika ukazaa mara moja na kuisha, na mwingine uliopanda kijiti hadi ukavuka ukuta. Wengine walizaa matunda ya mviringo, wengine marefu. Mmoja ulikuwa na tunda tamu kuliko lolote nililopata kununua, lakini ngozi yake ilipasuka kwa mvua ya kwanza. Mkulima wa Hindi mwenye ekari moja na deni la mbolea hawezi kuucheza mchezo huu. Yeye anataka kreti zilizo sawa, na pesa anayoitoa dukani kununua F1 ina sababu yake. Mimi sina kreti. Nina sufuria. Kwa mwenye sufuria, kutawanyika huko ndiko kunakompa nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo sokoni siendi kutafuta iliyo nzuri kwa macho. Naenda kuuliza.

"Hizi za wapi, mwanangu?"

"Za Hindi hizi, Mwalimu. Zile za bara. Mbona washika zilizolainika? Chukua hizi ngumu, utakaa nazo wiki."

"Sitaki kukaa nazo. Nataka wana wao."

Kijana alicheka, lakini akanipunguzia bei, kwa sababu zilizolainika hazina mnunuzi. Tungule laini, nyekundu mpaka kitako, ndiyo ambayo mbegu zake zimekomaa kabisa. Na nachukua ya Hindi au Mpeketoni badala ya ya Loitoktok kwa hoja ninayoiamini kuliko pakiti yoyote: mama yake alishika tunda katika joto la Pwani. Loitoktok iko miguuni pa Kilimanjaro. Usiku wa huko watu hujifunika blanketi.

Joto la usiku ndilo linaloamua mambo hapa kwetu, zaidi ya mbegu. Tungule ni mtoto wa Amerika Kusini. Jamaa zake wa mwituni, wenye matunda madogo yanayokaribia ukubwa wa njegere, wangali wanamea Peru na Ekwado. Watu wa Meksiko ndio waliolikuza tunda, na Wahispania wakalipeleka Ulaya katika karne ya 16. Mche wake unapenda jua la mchana, lakini usiku unataka kupumzika. Joto la usiku likibaki juu ya nyuzi 24 hivi, na la mchana likivuka 33 au 35, chavua hudhoofika, ua hukauka shingoni na kuanguka. Mche unabaki na majani mazuri ya kijani, mrefu, wenye afya, bila tunda hata moja. Wenye kupanda Januari na Februari, wakati wa kaskazi, huja kunilalamikia kwamba mbegu ya sokoni ni tasa. Mbegu haina kosa. Usiku wa Machi hapa kisiwani ni moto, na hakuna ua la tungule linaloufurahia.

Mwaka wetu unajieleza wenyewe kwa anayeusikiliza upepo. Mimi huatika mbegu mwezi wa tano, masika yakiwa bado hayajaisha. Miche huhamishiwa ndooni mwezi wa sita, ikiwa na majani manne au matano ya kweli. Maua huja Julai na Agosti, kusi likivuma na usiku ukiwa umepoa kiasi chake, na tunda huiva kuanzia mwisho wa Agosti. Kusi lina ubaya wake: huvunja matawi na hukausha ndoo kabla ya adhuhuri, na siku za bahari chafu hurusha chumvi mpaka darini. Nimeegemeza pandi za makuti upande wa kusini, zilizosukwa kwa nafasi, ili upepo upungue bila kuzuiwa kabisa. Upepo wenyewe una kazi. Chavua ya tungule haitoki bila kutikiswa. Nyuki wa asali hajui kuitikisa vizuri. Ajuaye ni yule mdudu mweusi mnene atoboaye boriti zetu, anayelishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa zake. Mafundi wanamchukia kwa yale matundu. Mimi namwacha.

Sasa kuitoa mbegu. Ikate tungule kwa upana wake, si kwa urefu, ili vyumba vyote vifunguke. Kamua mbegu pamoja na ute wake ndani ya gilasi. Ute ule una kazi: ndio unaoizuia mbegu isichipue ndani ya tunda, na ndiyo maana mbegu iliyopandwa na ute wake hukawia. Ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, weka mahali ambapo harufu haitawaudhi watu, kwa sababu itanuka. Vitabu vya nchi za baridi husema siku tatu hadi tano. Kwa joto la Amu, siku mbili zatosha. Zikizidi sana mbegu huanza kuchipua humo gilasini. Utaona utando mweupe juu na vijipovu pembeni. Koroga, jaza maji, subiri. Mbegu nzima huzama. Ute, vipande vya nyama na mbegu tupu huelea. Mimina vinavyoelea, rudia mpaka maji yawe safi, kisha chuja kwa kichujio cha chai. Mbegu iliyosuguliwa na uchachu huo huwa na vinyweleo vidogo, kijivu cha dhahabu, na haitelezi tena vidoleni. Uchachu huo pia hupunguza baadhi ya vijidudu vya maradhi vinavyoganda kwenye ngozi ya mbegu.

Zitandaze kwenye sahani ya bati au ya udongo. Kwenye karatasi zitaganda na hutazibandua. Ziweke kivulini penye upepo, si juani, na uzigeuze kwa kidole. Kukausha ni rahisi; kuzihifadhi zikiwa kavu ndiko kunakotushinda watu wa visiwani, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Chumvi ya mezani inayolowana ndani ya kikopo chake inakueleza yatakayoipata mbegu. Mimi huziweka kwenye kibahasha cha karatasi ndani ya chupa ya kahawa yenye kifuniko cha kukaza, na chini ya chupa natia mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukabadilika rangi, ukapoa. Mchele ule huvuta unyevu. Zikihifadhiwa hivyo, mbegu za tungule hudumu miaka minne na zaidi. Kwenye bahasha naandika mwezi, mwaka na mahali tunda lilikotoka.

Udongo nautengeneza mwenyewe. Mtanga wa Amu una chokaa ya matumbawe. Maji hupita kama hayakumwagwa. Lakini mji huu una kitu ambacho bara wangekilipia: punda. Wako kwa maelfu, hata shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza likafungua zahanati yao hapa mwaka 1987, na mavi yao yapo kila uchochoro. Kijana wa jirani huniletea gunia, namlipa kwa matunda. Usitumie mabichi, yataunguza mizizi na yana mbegu za magugu. Yalaze miezi mitatu, yanyunyizie maji, yageuze, mpaka yageuke meusi yasiyonuka. Changanya na mtanga na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yawe makavu ya shambani. Yale yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi.

Chumvi ndiyo adui wetu wa pili. Amu hunywa kwa neema ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vinavyotekwa kupita kiasi huvuta maji ya bahari. Tungule huvumilia chumvi kidogo. Hata utamu wake huongezeka. Ikizidi, majani hukunjamana na kuungua kingo. Watu wa Pate, Ndau na Kiwayu wana busara ya zamani ya majabia, yale mabirika ya kuvuna mvua, na kama una pipa la maji ya mvua, hilo liwe la miche. Mwagilia asubuhi, kidogo kila siku, wakati wote kiasi kile kile. Ndoo inayokauka kabisa kisha ikafurikishwa ndiyo inayozaa tungule zenye kitako cheusi kilichooza. Nimewaona watu wakisaga maganda ya mayai wakidhani udongo umekosa chokaa. Chokaa! Kisiwa kimejengwa kwa chokaa. Kilichokosekana ni maji ya kuipandisha hadi kwenye tunda.

Wifi yangu, ambaye hapandi ila hukosoa, alinisimamia siku moja juu ya mche ulionyauka ukiwa bado wa kijani. "Yuwa la yeo ndilo liloua," akasema. Nilikata shina karibu na udongo, nikalisimamisha kwenye gilasi ya maji safi, tukanywa chai. Tuliporudi palikuwa na nyuzi nyeupe zikiteremka kutoka kwenye kidonda kuingia majini, kama moshi wa udi uliopinduliwa. Huo si ukame, ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Udongo wa ndoo ile hautakiwi kupandwa tungule, bilingani wala pilipili. Nao ni ubora wa ndoo: ugonjwa hufa na ndoo moja, wakati shambani ungetembea.

Kuna na kiwavi mdogo anayechora njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda karibu na kikonyo. Kitaalamu ni Tuta absoluta, mwenyeji wa Amerika Kusini kama tungule yenyewe. Aliripotiwa Kenya mwaka 2014, na Tanzania wakulima wakambatiza kantangaze. Jani lililochorwa lichumwe na lichomwe moto. Chandarua cha mbu kilichochakaa, kikishonwa matundu yake, hufunika ndoo nne. Na anayetafuna au kuvuta tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche yangu. Kirusi cha tumbaku huishi ndani ya sigara na hupenda tungule. Wanaume wa mtaani huliona hili ni kisingizio cha kuwazuia kupanda ngazi, na sijawakanusha.

Msimu ukiisha, kazi inayobaki ni ya jicho. Sichukui mbegu kwenye tunda kubwa kuliko yote. Nachukua kwenye mche uliofunga tunda mapema, na zaidi kwenye ule ulioendelea kushika maua Novemba, joto likirudi, wakati wenzake walikwisha kukata tamaa. Hufunga uzi mwekundu kwenye tawi lake ili mtu asije akalipika tunda lake. Ukifanya hivyo misimu kadhaa, wale wajukuu waliotawanyika huanza kutulia tena, na hutulia wakiwa wa mahali pako. Wataalamu hufanya kazi hiyo hiyo kwa vipimo: kituo cha Tengeru, karibu na Arusha, kiliitoa mwaka 1997 aina ya Tanya na ile ya Tengeru 97, zote mbili za kuhifadhi mbegu mwenyewe, na wakulima wa Tanzania wamezipanda tangu hapo. Kwetu kuna na zile tungule ndogo za mviringo zinazojiotea majaani na kando ya visima bila kupandwa na mtu. Hazijali Machi. Ngozi nyembamba, mbegu tele, uchachu mkali. Kwa mtuzi wa papa sizibadilishi na kitu. Asiyekuwa na subira na wajukuu wa chotara aanze na hizo.

Limebaki la sheria, kwa sababu huulizwa. Sheria ya mbegu ya Kenya, Sura ya 326, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa la kukutia jela hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Sikumbuki hata bibi mmoja wa Amu aliyewahi kumwomba askari ruhusa kabla ya kumpa jirani mbegu za mchicha, lakini sasa tunapeana bila kupunguza sauti.

Wiki iliyopita alikuja binti wa Siyu, aliyeolewa huku Langoni, akaomba za kumpelekea mamake. Nilimhesabia thelathini kutoka bahasha ya uzi mwekundu, na chache za majaani.

"Nimwambie apande lini, Mwalimu?"

"Mwezi wa tano. Si kesho."

"Mama hana subira."

"Basi mpe hizi za majaani azipande kesho, na hizo nyingine mfiche."

Alizifunga kwenye ncha ya leso. Akaniuliza kama ni dhambi kumficha mamake mbegu. Nikamwambia amuulize mume wake, ndiye aliyesoma dini. Mimi nilisomesha sayansi.